Nyumba Isiyopumua

Siku hizi mtu akitaka kulisifu jengo husema, "Pale ni pa kisasa, pana eisii." Ofisi husifiwa hivyo, kumbi za harusi husifiwa hivyo, na matangazo ya nyumba za kupanga hutaja sifa hiyo kabla ya kutaja maji. Nimeisikia mara nyingi mno, na nimeona si vibaya nikaipinga kwa maandishi, maana mzee akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mashine yenyewe. Kiyoyozi ni chombo, kama lilivyo jembe au cherehani, na chombo hakina dhambi. Ugomvi wangu ni na watu watatu. Wa kwanza ni mchoraji ramani, achoraye jengo ambalo binadamu hawezi kukaa ndani yake bila mashine. Wa pili ni tajiri, alijengaye kwa sababu kioo kinang'aa. Wa tatu ni ofisa, agongaye muhuri wa kuliidhinisha. Watatu hao hawalipi gharama ya kosa lao. Gharama hulipwa na mpangaji, na jirani, na mtoto aliyeketi darasani chini ya bati. Hilo ndilo neno langu, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake.

Tuanze na historia, kwa kuwa wengi wetu hudhani kiyoyozi kilibuniwa kwa kumhurumia mtu anayetokwa jasho. Huruma ilijaribiwa kwanza, ikashindwa. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja wa Florida, Marekani, jina lake John Gorrie, alitaka kuwapoza wagonjwa wake wa homa. Alianza kwa kutundika barafu karibu na dari ili hewa ya baridi iwashukie. Barafu ilikuwa ikiletwa kwa meli kutoka kaskazini, kwa hiyo akabuni mashine ya kuitengeneza, akapewa hataza mwaka 1851. Hakupata wenye fedha wa kumwunga mkono, akafariki mwaka 1855 akiwa hana kitu.

Aliyefaulu alikuwa mwingine, naye hakuitwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1902 kampuni ya uchapaji ya Sackett-Wilhelms, iliyokuwa Brooklyn katika jiji la New York, ilisumbuliwa na unyevu wa hewa. Karatasi ikinywa unyevu hutanuka, na hewa ikikauka husinyaa. Picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine, hivyo karatasi ikibadilika kidogo tu katikati ya kazi, rangi ya pili haikai mahali pake na picha huharibika. Mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akatafuta dawa. Aliipitisha hewa kwenye mabomba yenye ubaridi, unyevu ukaganda juu ya mabomba hayo kama jasho linavyotoka nje ya glasi ya maji baridi, na hewa ikatoka ikiwa kavu na ya baridi. Basi mteja wa kwanza wa kiyoyozi cha Carrier alikuwa karatasi.

Mteja mwingine wa mwanzo alikuwa uzi. Mwaka 1906 Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo huko North Carolina, ndiye aliyeipa kazi hiyo jina linalotumika hadi leo kwa Kiingereza. Yeye shida yake ilikuwa kinyume: hewa kavu ilikata nyuzi, naye alitaka kuiongezea unyevu. Kwa wote wawili kilichotunzwa ni mali iliyokuwa kiwandani.

Watu walikuja kuingizwa baadaye, na waliingia kwa mlango wa kulipia. Mwaka 1925 ukumbi wa sinema wa Rivoli huko New York ulifungiwa mitambo ya Carrier, na watu wakamiminika humo wakati wa joto kwa ajili ya ubaridi kama vile kwa ajili ya picha. Mwaka 1928 mitambo ikawekwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na mwaka 1929 katika Seneti. Majumbani ilikuwa adimu kwa muda mrefu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha ndipo mashine ndogo za kuweka dirishani zilipoanza kuuzwa kwa wingi. Mwaka 1960 ni nyumba 12 hivi tu katika kila 100 huko Marekani zilizokuwa na kiyoyozi. Kufikia mwaka 1980 zilikuwa zaidi ya nusu.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kutuhusu. Mashine ilipokuwa rahisi, mjenzi wa Marekani aligundua kwamba anaweza kubana matumizi kwa kuviacha vile vilivyokuwa vikiipoza nyumba. Nyumba za zamani za majimbo ya kusini zilikuwa na dari za juu, madirisha makubwa yanayoelekeana, paa lililotokeza, na baraza mbele ambapo watu walikaa jioni na kusalimiana na wapita njia. Vyote hivyo vina gharama. Vikaondolewa kimoja kimoja, na mahali pake pakawekwa kisanduku cha dirishani. Mwanahistoria Raymond Arsenault aliandika mwaka 1984 jinsi kiyoyozi kilivyobadili maisha ya kusini mwa nchi hiyo, likiwemo suala la watu kuhama barazani na kujifungia ndani. Aliyejenga aliokoa fedha mara moja. Aliyeishi humo akaanza kulipa umeme kila mwezi, mpaka leo.

Sasa turudi kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto hatukulisoma vitabuni. Waliotutangulia hawakuwa na umeme, lakini walijua kujenga. Mtu aingie Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, saa nane mchana wakati wa kaskazi, ajionee. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, hivyo joto la mchana huchelewa kupenya. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Ndani mna ua ulio wazi juu, ambamo hewa ya moto hupanda na kutoka. Ngome za udongo na makuti za kijijini nazo zilikuwa na hekima yake: makuti hayashiki joto kama bati, na pale ukuta usipofika kwenye paa upepo hupita. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, ilizungushiwa roshani kila ghorofa ili jua lisiufikie ukuta. Hata wakoloni, ambao siwasifu kwa mengi, walitii jambo hili. Wajerumani walipojenga Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1897, waliiweka mbele ya bahari ipate upepo, wakaipa varanda pana.

Linganisheni na yaliyojengwa mijini kwetu tangu miaka ya 1990. Ghorofa limevikwa kioo kuanzia chini hadi juu, pande zote nne, kana kwamba jua la magharibi ni sawa na la kaskazini. Madirisha hayafunguki. Hakuna kivuli wala roshani. Ramani za namna hiyo zilizaliwa katika nchi ambazo mtu hulitafuta jua kwa miezi sita ya mwaka, na kioo huko humsaidia kulinasa. Sisi tuko nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, halafu tunajenga mtego wa kulinasa! Kisha tunanunua mashine ya kulitoa tulilolinasa wenyewe. Ni sawa na mtu aliyetoboa mtumbwi wake kwa makusudi, kisha akajisifu kwamba ana ndoo nzuri ya kukumba maji.

Yafaa kueleza jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu ukiielewa utaona dhuluma yake iko wapi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Ndani ya mabomba yake mna gesi. Ile gesi ikishindiliwa na kompresa huwa ya moto, nayo hupitishwa nje ili iache joto lake huko na kugeuka kimiminika. Kisha huachiliwa itanuke, nayo ikitanuka hupoa, hupitishwa ndani, hubeba joto la chumba na kulipeleka nje tena. Joto halikufa. Limetolewa chumbani mwako na kutupwa barabarani, tena limeongezwa joto la kompresa yenyewe. Piteni kwenye kichochoro chochote kati ya maghorofa ya Kariakoo mchana wa Februari, mtazame juu: mashine zimepangwa ukutani kama mizinga ya nyuki, kila moja ikitema. Chini yake mama lishe anapika na kijana anauza maji. Hao hawakuulizwa. Ukimtupia jirani taka utashtakiwa kwa bwana afya, lakini ukimtupia joto unaitwa mtu wa kisasa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Singapore ilikuwa nchi ya joto na unyevu kama sisi, na kwamba Lee Kuan Yew, waziri mkuu wake wa kwanza, alikitaja kiyoyozi miongoni mwa mambo makubwa yaliyoiwezesha nchi yake kuendelea, na kwamba alipoingia madarakani alihakikisha kinawekwa katika ofisi za watumishi wa serikali. Ni kweli, alisema hivyo. Hoja hiyo naiheshimu. Mtu anayetokwa jasho juu ya jalada hafikirii vizuri. Lakini wanaomtaja Lee kwa viyoyozi husahau kumtaja kwa miti: mwaka 1963 alianzisha kampeni ya kupanda miti nchi nzima, na kivuli chake kiko barabarani kwa kila mtu, mwenye ofisi na asiye na ofisi. Sisi tumechukua nusu ya somo, ile nusu inayomfaa mkubwa, na miti iliyokuwepo tumeikata ili kupanua maegesho ya magari.

Nitaambiwa pia kwamba zipo sehemu zisizoweza kwenda bila kiyoyozi. Naam, zipo. Chumba cha upasuaji, ghala la dawa na chumba cha mitambo ya kompyuta vinahitaji kiyoyozi, na wodi ya watoto njiti inahitaji hewa iliyopimwa. Huko kiwekwe na kitunzwe. Hata nyumbani, mzee mwenye maradhi ya moyo akipata chumba kimoja chenye ubaridi usiku wa Februari, nani atamkataza? Ninachokataa ni kukifanya kiyoyozi kuwa badala ya dirisha.

Basi niingie katika jambo linalonichoma zaidi, nalo ni darasa. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi na kukiongoza chuo cha ualimu, na mambo ya joto la darasani sikuyasikia kwa jirani. Mwalimu mwanafunzi anaweza kuandaa somo barabara, akaandaa zana, akajua saikolojia ya mtoto yote. Lakini akiingia kipindi cha saa saba mchana katika chumba chenye bati tupu lisilo na dari, watoto 80 wamebanana, vichwa vimelala juu ya madawati, somo lake limekufa kabla hajafungua kinywa. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walichapisha utafiti uliotumia mitihani ya wanafunzi wapatao milioni 10, ukaonyesha kwamba mwaka wa shule ukiwa na joto zaidi wanafunzi hujifunza kidogo zaidi, na kwamba wanaoumia zaidi ni watoto wa familia maskini. Mwalimu yeyote wa Tanga au Lindi angaliweza kuwaambia hayo bila hesabu.

Nikiwa mkuu wa chuo nilihudhuria kikao katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ajenda ilikuwa ramani ya madarasa mapya ya shule ya mazoezi. Niliona kwamba dari imefutwa katika ramani, varanda imefutwa, na madirisha yamepunguzwa. Nikauliza sababu. Nikajibiwa kwamba fungu halitoshi. Mwezi ulikuwa Machi, na chumba tulichokaa kilikuwa na ubaridi hata mjumbe mmoja akaomba mashine ipunguzwe, na mwenyekiti wetu alikuwa amevaa koti zito na tai. Niliwaomba wajumbe wafungue mlango kidogo wasikilize hewa ya nje, kisha tuendelee kujadili dari. Ombi langu lilichukuliwa kuwa mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Aamuaye habari za joto akiwa ndani ya baridi huamua habari ya kitu asichokijua, hata kama alizaliwa Mzizima.

Wapo watakaosema, basi tuwekee kila darasa kiyoyozi. Hebu tufanye hesabu. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha kawaida hula wati 1,000 hivi kinapofanya kazi kwa nguvu, na darasa lenye watoto 80 lingehitaji zaidi ya kimoja. Feni ya dari hula kati ya wati 60 na 75. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unaweza kuzungusha feni kama 15. Shule gani ya msingi itamudu luku hiyo, wakati chaki zenyewe hununuliwa kwa kuchangishana? Na umeme ukikatika je? Tumepitia mgao wa mwaka 1992, wa 1994, wa 2006, na ule wa 2022 na 2023. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na tunashukuru. Lakini umeme huo ni wa viwanda, wa zahanati na wa vijiji. Itakuwa aibu tukiumwaga katika maghorofa ya vioo kwa kupigana na jua tuliloliita wenyewe.

Njia nyingine ipo, na imeonyeshwa na Mwafrika. Francis Kéré alizaliwa katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, akasoma katika darasa la joto kama haya yetu. Alipokwenda Ujerumani kusomea ujenzi hakurudi na kioo. Mwaka 2001 shule ya msingi ya Gando ilikamilika, imejengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari yake ni ya matofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu kabisa ya dari kwa vyuma, limetokeza nje pande zote, hivyo hewa ya moto hupanda, hupita matunduni na kuchukuliwa na upepo. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Na si shule tu. Huko Harare jengo la Eastgate la mbunifu Mick Pearce, lililofunguliwa mwaka 1996, linajipoza kwa kuvuta hewa ya baridi ya usiku na kuitunza katika kuta na sakafu zake, kwa mfano wa kichuguu. Mchwa wanajua tusilotaka kujua.

Tena ulimwengu wenyewe umeshashtuka. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba duniani kulikuwa na viyoyozi wapatavyo bilioni 1.6, na kwamba mwendo ukiwa huohuo vitafika bilioni 5.6 mwaka 2050. Gesi za zamani zilitoboa tabaka la ozoni, zikazuiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni lakini zinaongeza joto la dunia, na makubaliano ya kuzipunguza yalifikiwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Yaani tunapoza vyumba kwa njia inayozidisha joto la nje, kisha joto la nje likizidi tunanunua mashine nyingine. Na mashine zenyewe zinazoletwa kwetu mara nyingi ni zile zilizochakaa kwa wenzetu, zinazokula umeme mwingi.

Nataka nini basi? Nataka mambo manne, na yote yanawezekana. La kwanza, halmashauri isipitishe ramani ya jengo lolote la pwani lisilo na madirisha yanayofunguka na kivuli juu ya madirisha hayo. Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, si mawio na machweo. La pili, dari na varanda katika darasa visihesabiwe kuwa anasa ya kufutwa fungu likipungua. Lipungue jingine. La tatu, kila shule ipande miarobaini, miembe na mikungu upande wa magharibi kabla ya kupanda mlingoti wa bendera, na mti huo uwe na mtu wa kuulizwa ukifa. La nne, watumishi wa umma waache koti na tai wakati wa kaskazi. Wajapani, ambao hawachezi na kazi, walianza mwaka 2005 kuwaambia watumishi wao wavue tai wakati wa joto na viyoyozi viwekwe nyuzi 28. Sisi tulikuwa na Kaunda suti ya mikono mifupi, vazi la heshima na la hewa. Tuliliacha kwa kuona haya, tukalivaa koti, kisha tukatafuta mashine ya kulipoza koti.

Na kwa yule ofisa mwenye muhuri nina ombi moja la nyongeza. Kabla hajaidhinisha ramani ya darasa, azime kiyoyozi cha ofisi yake kwa wiki moja ya mwezi wa Februari, afunge madirisha, akae humo kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana akijibu maswali ya hesabu. Siku ya Ijumaa nitampelekea ramani yenye dari na isiyo na dari, na nitamwachia kalamu achague mwenyewe.